Mama Mkwe, Panya na Jaa Langu

Mama wa mke wangu alipokimbia vita Djugu hakubeba sufuria wala godoro. Alifika kwenye kiwanja chetu cha Shari, parsele kama tunavyoita, na kifurushi cha kitenge chenye maharagwe ya mbegu aliyoyachagua mwenyewe shambani kwake. Alisema njia ikifunguka atarudi kuyapanda. Tulimpa chumba kidogo kando ya jiko la nje. Akakifunga kifurushi juu, kwenye mti wa paa, akatandika mkeka wake chini yake.

Kwetu mkwe mwanamume hali pamoja na mama wa mke wake, hamtazami usoni, wala hawasemezani moja kwa moja. Ni heshima, na mimi naipenda, maana inaepusha ugomvi mwingi. Nikimwona anakuja, napita upande wa pili wa nyumba. Kwa hiyo sikujua kwamba panya wametoboa kile kitenge mpaka nilipomsikia anaongea na kuku.

"Weye kuku, sikia," alisema, amenipa mgongo, kwa sauti ya kutosha kunifikia nilipokaa. "Panya haikuje sababu ya maharagi yangu. Inakuja sababu ya jaa ya mwenye nyumba. Ikishiba pale inatembea-tembea, ndio inaona mbegu."

Kuku aliendelea kuparua. Mimi nilikasirika, sitaficha. Kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na jaa lake nyuma ya jiko: maganda ya viazi na ndizi, vichwa vya ndakala, wale samaki wadogo, yote chungu moja yakingoja siku ya kuchomwa. Kwa nini langu ndilo lisemwe? Rafiki yangu aliyekwenda sokoni Ariwara akaniletea sumu ya panya, punje nyekundu za kupendeza macho. Mama mkwe alipoziona alimkamata kuku, akamweka mapajani.

"Ukikufa na hii kitu," akamwambia, "usiseme sikukuambia."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nikamrudishia rafiki sumu yake, nikamwambia mke wangu wafanye wanavyotaka.

Basi mama mkwe akafunga kibwebwe. Sharti lake lilikuwa moja: chochote cha kuliwa kisilale uani. Maganda yalikwenda kwa mbuzi wa jirani kabla jua halijazama. Vichwa vya samaki vilitupwa kwenye makaa mara sufuria inapoepuliwa. Kilichobaki kiliingia kwenye shimo alilochimba mwenyewe, juu yake majivu, kisha udongo, kisha bati kuukuu lililokandamizwa kwa mawe. Kuni aliziinua juu ya matofali ili panya wasipate pa kuzalia, na majani ya kando ya ukuta akayafyeka.

Siku za mwanzo mambo yalizidi kuwa mabaya. Panya wenye njaa walikitoboa kifurushi tena. Aliziokota mbegu sakafuni, akatupa zilizotafunwa, akashona kitenge, akakipandisha palepale bila kulalamika. Kuku aliambiwa kwamba panya wanatafuta, na wakikosa watahama.

Wakahama kweli, kwa jirani wa mbuzi. Mama huyo alikuja amechukia, akisema, "Panya yenu sasa iko kwangu." Mama mkwe hakubishana naye. Alichukua jembe na ndoo ya majivu, akaenda kumchimbia shimo. Kutoka hapo akaitwa nyumba ya tatu, na mimi nikabaki nimekaa nikimstaajabia. Mtu aliyeacha shamba zima nyuma yake alikuwa anatengeneza nyua za watu asiowajua, na huku anaimba.

Mvua za kwanza zikanyesha, njia bado imefungwa. Alikifungua kifurushi, akazimwaga mbegu kwenye ungo, akazitazama kwa muda mrefu. Alimwambia mke wangu kwamba maharagwe yakikaa sana hayaoti tena. Kisha akaondoa lile bati, akapanda mbegu za Djugu juu ya takataka zangu, kwenye udongo uliokuwa umegeuka mweusi. Nilimwona toka dirishani anafukia taratibu sana.

Yaliota, yakatambaa mpaka ukutani. Alipovuna, alichagua yaliyo mazuri kuliko yote, akayafunga kwenye kitenge kile chenye viraka, akakitundika tena juu ya mkeka wake. Yaliyobaki tulipikiwa sisi.

Baada ya kula nilitaka kumwambia kitu na heshima ilinifunga mdomo. Alikuwa anafagia nyuma yangu. Kuku akapita mbele ya kiti changu.

"Weye kuku," nikasema, "hii parsele ni ya mama pia. Apande mpaka kwenye mulango. Na siku njia itafunguka, mimi ndio nitamubebea mbegu."

Nikasikia ameweka ufagio chini. Tangu afike, alipoongea na kuku aliniita mwenye nyumba tu.

"Kuku," akasema polepole, "ambia mutoto wangu nimesikia."