Kichwa cha Jiwe Kutoka Tabaka

Mimi shule niliachia darasa la saba, lakini Kisii nzima hakuna mpiga picha mwenye lenzi ndefu kama yangu. Ina uzito wa mtoto wa miezi mitatu. Shida ni moja: kila nikiifunga kwenye stendi, kichwa cha stendi kinainama polepole kama mzee anayesinzia kanisani, na ninaishia kupiga picha za viatu. Ndiyo maana nilisafiri.

Arusi ilikuwa Jumapili, Nyansiongo, katika kanisa la Waadventista ambako mzee wa kanisa haruhusu mpiga picha kupita benchi ya mwisho. Pete ningeipiga picha nikiwa mlangoni. Mama Moraa, mama wa bibi arusi, alinipigia simu mara tatu. Picha ya arusi yake mwenyewe, alisema, ilitoka watu hawana vichwa, na sasa mumewe amefariki. "Fundi, ya Moraa ikiharibika, usipitie tena barabara yetu."

Alhamisi asubuhi, Kisii mjini, binti anayeuza vifaa vya kamera alinionyesha vichwa viwili vya stendi. Cha gololi, kinachozunguka juu ya mpira wa chuma, ni kama changu, akasema hakiwezi mzigo huo. Cha pili kimekunjwa kama mkono, na lenzi inaning'inia pembeni kama bembea. Nikamuuliza kitu kinachobembea kitasimamaje.

"Mzee, kinachoshika ni usawa, si nguvu."

Nikamhurumia. Mimi nilianza maisha nikisukuma ndizi kwa mkokoteni. Uzito nitafundishwa na mtoto?

Adhuhuri nikawa Tabaka kwa Ondieki, anayechonga vifaru vya mawe vya kupelekwa ng'ambo. Nikamwagiza kichwa cha gololi cha jiwe la sabuni, lile jiwe laini la huko, kikubwa kama cha ndama. Alinionya kwamba jiwe hilo likishapigwa msasa linateleza. Nikamwambia achonge tu. Ijumaa kilikuwa tayari, kinang'aa, kizuri kabisa. Mwenye boda boda aliuliza kama abiria ni mimi au ni gunia nililokitia.

Jumapili asubuhi, Nyansiongo, nikasimamisha stendi mlangoni kabla wageni hawajajaa. Lenzi ikatazama mimbari. Kisha ikatazama benchi. Kisha sakafu. Nikakaza skrubu, ikateleza. Nikakaza tena, na miguu ya stendi ikaanza kutanuka kama ya ndama aliyezaliwa leo.

Mama Moraa alinikuta nimekumbatia lenzi kifuani. Alivuka barabara mpaka kwake, akarudi na kamba za kuning'inizia kibuyu chake cha kusukia maziwa. Akazifunga kwenye boriti ya mlango, akaiweka lenzi katika kitanzi chake, akasogeza kamba mbele kidogo, nyuma kidogo, kisha akaiachilia. Ikakaa.

"Kibuyu kikijaa nakisukuma kwa kidole," alisema. "Unafunga pale ambapo hakilali mbele wala nyuma."

Nikaisukuma kwa kidole. Ikageukia mimbari, ikatulia. Nilimkumbuka yule binti wa mjini, lakini usoni sikuonyesha kitu. Pete niliipata mpaka ukucha wa Moraa.

Alasiri, kabla ya chakula, Mama Moraa aliniletea ile picha yake ya zamani. Suti nzuri, gauni zuri, shingo mbili, basi. Nikaigeuza nisome ni fundi gani alifanya kazi mbovu hivyo. Nyuma kulikuwa na muhuri wa studio yangu.

"Nilijua," alisema, akinipakulia matoke. "Nilikuita uje umalizie."

Jumatatu nikarudi Kisii, nikanunua kile kichwa cha bembea. Nilimwambia yule binti kwamba nimekifanyia utafiti wangu mwenyewe. Akasema ndiyo mzee. Kile cha jiwe kinazuia mlango wa studio usipigwe na upepo, na hapo hakijateleza hata siku moja.

Kwa hivyo wewe mwenye lenzi nzito, usishindane nayo. Itafutie mahali pake pa kuning'inia, halafu tumia kidole. Na usigeuze picha ya mtu kabla hujala. Ya pete nimempelekea Mama Moraa, kubwa, ya fremu. Nyuma nimepiga muhuri wangu mara mbili, mmoja wa hii na mmoja wa ile ya shingo.