Kila Kitu Migombani

Mwezi uliopita nilikwenda kijijini Kashozi kumsaidia mama kupanda migomba, nikarudi nyumbani kwangu mjini, Buhembe, na gunia la pampasi. Usicheke, nakueleza kama ilivyokuwa.

Shamba lenyewe ni kibanja cha bibi, mzaa mama, kinachoanzia nyuma ya jiko na kushuka hadi kwenye mibuni. Nimekulia hapo. Mama alikuwa akinilalamikia kwa simu kwamba mikungu imekuwa midogo na migomba ya karibu na nyumba inaanguka yenyewe. Hiyo ya karibu na nyumba ndiyo iliyotulisha sote, naye sasa ananunua ndizi kwa jirani. Shimo la kwanza halikufika magotini, jembe likanasa. Nikavuta. Ukatoka mfuko wa mkate, betri za redio, chupa ya soda, na nyuma yake pampasi moja baada ya nyingine, zimevimba maji.

Sikuwa na wa kumsingizia. Zilikuwa za mwanangu. Alipokuwa mdogo tulikuja hapa kila likizo, na kila asubuhi nilizitupa migombani kwa mkono huu huu.

Ndiko nilikofundishwa kutupa. Bibi alikuwa na jibu moja kwa kila kilichokwisha kazi: "Peleka migombani." Maganda ya ndizi yalipita kwanza kwa ng'ombe, samadi ikafuata njia hiyo. Majivu ya jiko, maganda ya kahawa, mabawa ya senene tuliyonyonyoa hadi vidole vikanuka, yote migombani. Nyasi tulizotandika sebuleni zikichakaa, tulizikumba sisi watoto na viroboto wake, tukapiga chafya njia nzima, tukaleta mpya. Makapi ya ndizi tulizokamua kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, niliyabeba kichwani yakinichuruzikia mashavuni, nami nikilamba. Samaki alitoka sokoni amefungwa kwenye jani la mgomba, na jani likarudi shambani. Uani ufagio ulipita asubuhi na jioni, na hatukuwa na jalala. Neno hilo nililikuta shuleni.

Bibi naye, siku yake ilipofika, tulimzika humo kibanjani kama desturi yetu ilivyo. Kutoka kwenye shimo lile hadi kaburi lake ni hatua chache tu. Niliona aibu, na aibu yangu ikageuka hasira.

Maana nilikuwa nimetoka kwenye semina ya mtaa, ya kupunguza taka majumbani. Nilikaa mstari wa mbele na kuandika daftarini kwamba maganda huoza na plastiki haiozi, kana kwamba ni habari mpya, huku mbele yangu pana maji ya chupa na pilau ndani ya boksi la plastiki. Tulipomaliza tukapiga makofi. Mjukuu wa bibi yule, akifundishwa maganda!

Hasira yote nikammwagia mama, kwa sauti ile ile ya semina. Plastiki haziozi, mama. Zinaziba maji, zinaua mizizi, usitupe tena huku.

Mama alikuwa ameshika chipukizi, udongo ukimdondoka miguuni. "Waitu, mwanangu, si wewe uliyezileta?" alisema taratibu. "Sisi hapa hatukuwa nazo." Akaliweka chini. "Haya, nielekeze. Nizitupe wapi?"

Nikapiga hesabu. Kuzichoma, moshi wake unakaba. Kuzifukia, ndizo hizo tulizokuwa tukizifukua. Gari la taka halifiki kule, na wanaonunua chupa hawataki pampasi. Nikainama nikajaza gunia, kwa kuwa mikono angalau ilijua la kufanya.

Hapa kwangu nina ndoo tatu za kutenganishia taka, kila moja na rangi yake, na gunia lile halina ndoo. Limeegemea ukuta wa jiko, wiki ya tatu sasa, nalizunguka kila ninapokwenda kuanika nguo. Bibi hakuwahi kusoma, lakini hakuna alichokishika asijue kitaishia wapi. Mimi nina daftari zima.

Jana mama alipiga simu kusema chipukizi limetoa jani la kwanza. Nilifurahi kwelikweli. Kisha akauliza kama nimeshapata pa kulipeleka gunia, ili naye akusanye zilizobaki shambani.

Nikamwambia bado.