Dizeli Kisimani

Mektilda alichimbiwa kisima na marehemu mumewe nyuma ya nyumba yao Sikonge, na mtaa mzima ulichota hapo. Mwaka jana ugali wake ulianza kunuka dizeli. Upande wa juu wa kisima palikuwa na kituo cha mafuta cha Valentino, ambaye tangi lake lilifukiwa ardhini. Mektilda akamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tangi lako linavuja. Mafuta yako yamo kisimani mwangu."

"Mama, tangi langu na kisima chako havijaungana kwa bomba lolote."

Jibu hilo lilimchoma. Ardhi yao ni mchanga mtupu, mvua ikinyesha maji yote huzama, na huyu anazungumzia bomba. Alirudi nyumbani, akachota kikombe cha maji, akampelekea mbele ya wateja.

"Kama havijaungana, kunywa."

Valentino alikisukuma kikombe kando. Wateja, ambao wengi wao walichota kwa Mektilda, walikataa kuondoka mpaka aahidi kulifukua tangi.

Lilipofukuliwa lilikutwa limeoza chini. Valentino aliweka jipya, akadhani yamekwisha. Lakini mafuta yaliyovuja yamenasa katikati ya chembe za mchanga, na kila mvua huyasukuma taratibu kuelekea kisimani. Mektilda sasa hufuata maji mtaa wa pili kwa baiskeli. Wenzake wa kanisani wamemsihi asamehe. Amewajibu kwamba atasamehe siku atakapokunywa tena maji ya kisima chake.