Picha za Singo Nilizozifunga

Kazi yangu ni kupiga picha kwenye shughuli za wanawake hapa Mji Mkongwe. Kwenye singo, sherehe ya kumsugua bi harusi manukato kabla ya harusi, wageni huacha simu zao mlangoni na kamera inayoingia ni yangu tu, kwa sababu ndani wanawake huvua baibui wakacheza watakavyo. Nikimaliza, nazifunga picha zote kwa neno la siri analolichagua mwenye shughuli, ndipo nazipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Asiye na neno hilo akizifungua hukuta rundo la herufi zisizosomeka.

Kaka wa bi harusi mmoja wa Mtoni alisikia "mtandaoni" tu, akadhani dunia nzima inamtazama dada yake. Asubuhi moja aliingia studio, akanikaba koo na kunigongesha kichwa ukutani mpaka chokaa ikanidondokea machoni.

"Zifungue. Nnataka kuziona zote."

Hasira ilinipanda kuliko maumivu. Ananipasua kichwa ili atazame kile asichotaka kitazamwe na mwanamume yeyote. Nilipokataa, alichukua stendi ya kamera akaipiga kompyuta yangu mpaka vioo vikatapakaa sakafuni.

Nilitema damu.

"Umevunja kompyuta tu," nilimwambia. "Picha ziko salama. Mama yako yumo, kichwa wazi, anakata kiuno kuliko wote. Neno la siri alilichagua yeye, na aliniomba liwe gumu kwa kukuogopa wewe. Nenda kamkabe."