Maji ya Mgonjwa

Kazi ya mjengo kule Umoja ilipokwisha, niliteremka Mathare bila mpango, nikapata kibarua cha ajabu: kumwonyesha vichochoro dada mmoja wa takwimu. Wakubwa wa jiji walikuwa wamemwita awathibitishie walilokwisha kuliamua. Watoto waliharisha, wengine walikufa, na nyumba nyingi zenye wagonjwa zilichota kwenye kioski kimoja cha maji, kilichokuwa cha mama mmoja mjane huko juu karibu na barabara. Kioski kifungwe, wakasema. Mjane alilea wajukuu kwa mfereji ule; hakuwa na kingine.

Mimi shule niliiacha mapema, lakini hilo nililielewa. Wanaochota hapa wanaugua, basi ubaya uko hapa. Cha kuuliza kilikuwa nini tena?

Dada yule alikuwa nacho. Alipasua katoni, akachora kwa makaa: duara la maji, duara la mtoto mgonjwa, mshale katikati. Akawaonyesha akina mama waliokuwa wakifua.

"Mna hakika mshale unatoka huku kwenda kule?"

Wakacheka. "Dada, umesoma wee, mpaka unatuchorea viazi."

"Basi nisaidieni na viazi vyangu. Mtoto akianza kuharisha, mnafanya nini kwanza?"

"Tunamtafutia maji ya mgonjwa," alisema mmoja, mkunga wa pale, kama aliyeulizwa jua huchomoza wapi.

"Mnayatoa wapi?"

"Si kwa mjane? Yake ni safi, lakini ni ghali. Mzima anakunywa ya huku chini. Mgonjwa ndiye anapandiwa mlima."

Nilikuwa nikiwaona kila siku wakipanda na vibuyu vyao vya plastiki, na moyoni nikisema wanakwenda kununua ugonjwa. Dada aliufuta mshale kwa kiganja, akaugeuza.

"Na kioski kikifungwa, mgonjwa atakunywa nini?"

Wote tulitazama chini, kwenye mpira wa maji ya bei nafuu uliolala ndani ya mtaro wa vyoo.

Hakuishia hapo. Tulirudi nyumba kwa nyumba, safari hii akiuliza mtoto alikunywa maji gani kabla hajaugua. Ya chini. Ya chini. Ya chini tena.

Afisa wa jiji alipokuja na spana yake kukifunga kioski, dada alimpeleka kwanza mtaroni. Maji ya huku chini yalikuwa yamekatika, na penye ufa, mpira ulikuwa ukinyonya uchafu taratibu, kama mtoto anavyonyonya. Afisa alivua kofia.

"Tungemfungia yule mama," alisema. "Leo hii."

Mjane alipoambiwa abaki na mfereji wake, hakushukuru wala hakulaumu. Aliketi juu ya debe, akaacha ndoo ya mteja ifurike, maji yakitiririka miguuni mwetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyenyoosha mkono kuyafunga.