Fundi Cherehani na Wimbo wa Asubuhi

Hebu mwone anavyoingia langoni: fundi cherehani, mwanamke mwembamba, vipande vya uzi vimemnata kifuani, kaukumbatia mfuko kama mtu aliyebeba mayai. Ameitwa chekechea anakosoma bintiye. Na wito wa shule anaujua! Shule mbili zilishamwita, zote zikamwambia, "Mama, mtafutie shule ya watoto wa aina yake." Kisa? Kelele zikianza ghafla, mtoto huziba masikio, hujitupa chini na kupiga mayowe.

Safari hii kajitayarisha. Hata hajakaribishwa kiti, akamkabidhi mwalimu sare ya mtoto, imefuliwa na kupigwa pasi.

Mwalimu akaigeuzageuza. "Imemkaba, dada? Mbona fundi ni wewe?"

"Nairudisha. Si mnamfukuza?"

"Nani kasema? Kaa, dada yangu. Kila Ijumaa tunaita wazazi wachache, tunapanga nao masomo ya wiki ijayo. Leo zamu yako."

Kumbe! Fundi akakaa kwenye kiti cha kitoto, magoti yakakaribia kidevu. Mzazi mwingine aliyeitwa, baba wa mapacha wa darasa hilo, naye kajikunja hivyo hivyo pembeni, akamnong'oneza, "Usiegemee, shemeji. Mimi kimeshanimwaga."

Mwalimu akaanza: "Wimbo wa asubuhi ndio unaomshinda binti yetu. Tumemkalisha karibu na mlango, nafuu ipo, lakini anabaki peke yake. Nyumbani cherehani ikinguruma inakuwaje?"

"Namgusa bega kwanza, ndipo nakanyaga."

"Wangu nao hushtuka," baba wa mapacha akadakia. "Kwa nini wasiguswe wote?"

Basi likawa ndilo somo la wiki. Watoto wanakaa duara, kila mmoja anamgusa jirani bega. Mguso ukimrudia mwalimu, wimbo unaanza.

Jumatatu fundi akachungulia dirishani, roho mkononi. Mguso ukaja, ukamfika bintiye, naye akampa pacha mmoja aliyekuwa akipiga miayo. Pacha akaendelea na miayo yake. Binti akamsukuma.

"Wewe! Gusa mwenzio! Watu wanangoja!"

Wimbo ukaanza. Mtoto akaziba masikio, akakunja uso, lakini hakuanguka. Ubeti wa pili akateremsha mkono mmoja.

Nje, fundi akaketi chini palepale ukutani, akacheka hadi machozi yakamtoka. Mwenzangu, mtu aliyezoea mzigo, siku akiutua, mikono huiweka wapi?