Marsela na Kaunta Buku ya Afadhali

Marsela alikuwa anafua mashuka kwenye lodge moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na Kiingereza chake alikiokota koridoni. Shule aliishia darasa la saba Karatu, basi. Akipita mapokezi na mzigo wa mashuka anapunguza mwendo, anasikiliza wageni, kisha anakimbilia chumba cha pasi kuandika kwenye kaunta buku kabla sentensi haijamtoka.

Mwaka 1984 mpaka wa Kenya ulikuwa umeshafunguliwa, wageni wakaongezeka. Meneja, Bwana Josephati, akatangaza anatafuta mtu wa mapokezi kutoka humo humo ndani. Marsela aliitaka hiyo kazi kuliko kitu chochote. Miaka sita ya pasi ya mkaa, na ukungu usiokubali nguo zikauke, ilimtosha.

Alichogundua ni kwamba mgeni mstaarabu hasemi "I want". Anapendelea. Marsela alijaza kurasa nne kwa hayo tu. "I prefer tea to coffee": vitu viwili, katikati "to". "I would rather walk than ride": kitenzi kinakaa kitupu, hakitaki "to", na unachokikataa kinakuja na "than". Pembeni kaandika "afadhali" kwa kalamu nyekundu.

Martini, mtoto wa mama yake mdogo, alikuwa mhudumu wa mezani hapo hapo. Akaomba afundishwe. Wageni wakishakula mchana, anakuja chumba cha pasi. Anasema "I would rather to sleep", Marsela anacheka, anamwambia hiyo "to" kaitupe kreta ikaliwe na fisi.

"Haya, mwalimu," anajibu Martini, mdomo umejaa viazi vya dada yake.

Akaazima kaunta buku. Marsela akampa tu. Mdogo wake, amnyimeje?

Siku ya usaili waliitwa watatu, Marsela hakuitwa. Akajipa moyo kwamba labda zamu yake ni kesho. Kesho yake tangazo likabandikwa: Martini kapata. Akavua aproni, akaenda ofisini kuuliza.

Meneja alishangaa kweli. Yeye alimweka Marsela wa kwanza kwenye orodha, ila Martini alikuja kumwombea asisumbuliwe.

"Alisema unaona aibu kuniambia mwenyewe," alisema. "Alisema, she would rather stay in the laundry."

Kitenzi kitupu. Hakuna "to". Alikuwa amemfundisha vizuri mno.

Marsela akamwambia hajawahi kutamka neno hilo. Meneja akainamia meza. Barua ya kumwajiri Martini ilishaenda makao makuu Arusha.

Mchana Martini akaja na shati jipya jeupe la mapokezi mkononi, kaunta buku kwapani. Kesho anaanza, dada ampigie pasi. Marsela akaichukua kaunta buku kwanza.

"Nani alikuambia napendelea kufua?"

Martini akaanza kuzungusha maneno. Dada ana mume, ana shamba la ngano, yeye hana kitu, alijua hatakasirika.

"Ungeniuliza."

"Ungekataa, dada."

Marsela akafungua pasi, akaumwaga mkaa kwenye ndoo ya maji. Mvuke ulipopungua akamrudishia shati lake na makunyanzi yote.

"Afadhali uende hivyo hivyo," alisema, akarudi kwenye mashuka.